Taa ya kibuyu kwa mzazi: kazi ya fundi wa Mwenge

Kama unatafuta taa ya mapambo ya kuagiza, yupo fundi mmoja wa vibuyu pale soko la vinyago Mwenge, Dar es Salaam. Hana kibao, utamjua kwa vibuyu alivyovining'iniza juu kwa kamba za katani. Nilimwagiza zawadi ya dada yangu, ambaye ndiyo kwanza amejifungua. Kwa kazi ya mkono sina neno. Kwa upande wa umeme ninayo machache.

Nilitaka taa ya kunyonyeshea usiku, yenye mwanga wa kumwona mtoto bila kumpiga machoni. Nilipeleka kanga ya mama yetu, ile yenye korosho kwenye pindo, nikamwomba fundi azihamishie korosho hizo kwenye kibuyu. Akaitandaza mezani, akachora korosho moja kwenye karatasi, akaizungusha karatasi kwenye kibuyu na kunionyesha mahali ambapo mchoro ungejikunja, kwa sababu kibuyu kinabonyea shingoni. Akashauri korosho zikae tumboni, shingoni ziwe nukta tupu. Nimeiona taa ikiwaka, na ushauri wake ndio ulioipendezesha.

Kibuyu nilikuwa nimekwishachagua, kikubwa cha duara. Akakitikisa karibu na sikio. "Hiki bado, dada. Nikikitoboa sasa kitaota ukungu ndani." Akanipa kingine, kidogo zaidi, mbegu zinalia ndani kama kayamba. Angeweza kuniuzia kile cha kwanza kwa bei kubwa, nami nisingejua mpaka harufu ianze. Hapo ndipo nilipomwamini.

Matundu aliyatoboa kwa ncha za drili za ukubwa tofauti, kuanzia milimita 2, kisha akapitisha msasa laini na vanishi isiyong'aa. Lakini jamani, balbu ndiyo inayoamua yote! Aliyoweka yeye ilikuwa nyeupe, ya kioo cha maziwa, na ukutani hukuona chochote zaidi ya weupe uliotawanyika. Nilipofunga LED ya kioo angavu, wati 4, yenye mwanga wa njano wa kelvini 2700, korosho zilitua ukutani moja moja, kwa kuwa mwanga wa balbu hiyo unatoka kwenye nyuzi nyembamba badala ya kioo kizima. Tena haichemki kama balbu ya zamani ya wati 60, ambayo singethubutu kuifungia ndani ya kibuyu. Na ikiwaka saa 10 kila usiku, uniti moja ya LUKU inafika usiku 25. Ile ya wati 60 isingemaliza hata usiku wa pili.

Nimesomea umeme VETA Chang'ombe, kwa hiyo niliifungua holda kabla ya kulipa salio. Waya ni mwembamba, ila kwa mzigo mdogo vile unatosha, na ameupiga fundo kwa ndani ili ukivutwa usichomoke kwenye skrubu. Wengi hawafanyi hivyo. Kilichonikera ni plagi ya pini mbili. Soketi zetu ni za pini tatu bapa, na kila mtu ameona watu wanavyochokonoa tundu la juu kwa kijiti ili pini mbili ziingie. Chumba cha mtoto kabisa! Nilimwambia, akaibadilisha bila ubishi na bila kuongeza bei. Fyuzi iliyokuja na plagi mpya ni ya ampea 13. Niliitoa nikaweka ya 3, maana waya mwembamba ule ungeweza kuungua kabla ya ile ya 13 kukatika.

Bei ilikuwa shilingi 85,000, nusu ikitangulia. Alichelewa kidogo, mvua ilizuia vanishi kukauka. Mimi haikunisumbua, dada alikuwa bado ndani ya arobaini, lakini kama zawadi ni ya harusi agiza mapema.

Nenda na balbu yako, na mtajie plagi ya pini tatu siku ya kwanza. Kama taa ni ya kitandani, mwambie pia swichi aifunge jirani na taa yenyewe. Yangu aliifunga katikati ya waya, na mzazi mwenye mtoto mkononi analazimika kuinama kuitafuta sakafuni. Hiyo nitaihamisha mwenyewe Jumapili nikienda kumwona.