Forester ya Turbo Baada ya Miaka Minne Dodoma: Tuzungumze Habari ya Oili

Ndugu watazamaji, habari za asubuhi. Niko nyumbani Ilazo, hapa Dodoma, na gari mnaloliona nyuma yangu ni Subaru Forester ya toleo la tatu, lile lililoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 2007, lenye injini ya lita 2.0 na turbo. Halijawashwa tangu jana jioni, na nimeliacha hivyo kwa makusudi, kwa sababu ukaguzi ninaotaka kuwaonyesha hufanyika injini ikiwa baridi.

Kama gari la familia sina malalamiko mengi. Watoto watatu wanakaa nyuma bila kugombana sana, buti inabeba gunia la mchele na mabegi ya shule, na nguvu zake za farasi 230 hukuwezesha kulipita lori kwa muda mfupi na kurudi upande wako kwa usalama. Giabox yake ya gia nne ni ya kizamani, na petroli gari hili hunywa nyingi kuliko lisilo na turbo. Anayetafuta gari la kubana matumizi asianzie hapa. Sitakaa sana kwenye hayo, kwa kuwa sijawahi kusikia mtu aliyeliuza gari hili kwa hasara kwa sababu ya viti. Wanaoyauza kwa hasara huwa wameua injini, na mara nyingi chanzo ni oili.

Turbo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Moshi hupiga pangaboi la upande mmoja, nalo limeungwa kwa ekseli moja na pangaboi la upande wa pili, ambalo hushindilia hewa ndani ya injini ili petroli nyingi zaidi iweze kuungua. Ekseli hiyo inaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na katika turbo hii haikubebwa na gololi, bali inaelea ndani ya utando mwembamba wa oili inayosukumwa na pampu ya injini. Oili hiyohiyo ndiyo inayolainisha beringi za krankishafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, na ndiyo inayosaidia kuondoa joto kwenye turbo, ambayo upande wake wa moshi unaweza kupita nyuzi 800 za Selsiasi. Kwa hiyo oili ikipungua au ikichakaa, turbo na injini huumia pamoja.

Nililijifunza hilo mwaka juzi kwa aibu. Tulitoka Dodoma asubuhi kwenda Iringa, tukasimama Mtera kununua samaki, kisha baada ya bwawa tukaanza kuupanda mlima Nyang'oro, ambao kona zake anayezijua anazijua. Katika kona moja taa nyekundu yenye alama ya kibirika ikawaka na kuzima. Kona iliyofuata ikawaka tena. Niliegesha, nikazima injini, nikasubiri ipoe, na nilipochomoa dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, ilitoka kavu kabisa. Oili iliyobaki ilikuwa chache kiasi kwamba kila nilipokata kona ilikimbilia upande mmoja wa sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, na kuiacha pampu ikivuta hewa. Dereva wa lori mmoja, Mungu ambariki, alinipa lita moja na nusu ya oili ya injini za dizeli, 15W-40, namba zinazoonyesha uzito wa oili. Hiyo siyo oili ya gari hili, lakini kwa kufika Iringa ilikuwa bora mara mia kuliko kwenda na sampu tupu. Pesa alizikataa, akachukua samaki wawili.

Kosa lilikuwa langu. Kadi ya gereji niliyoning'iniza ndani ya gari ilisema bado nina kilomita 1,900 kabla ya kumwaga oili, nami niliiamini kadi kwa miezi miwili bila kufungua boneti. Kadi inakumbusha siku ya kubadilisha tu; haiwezi kujua ni kiasi gani kimeungua njiani. Nayo taa nyekundu ile si ya kupima kiwango, ni ya presha, na ikiwaka ujue tayari kuna sehemu za injini zinazosagana bila oili ya kutosha. Mtu asiseme atafika kwanza kituo kinachofuata.

Sasa njoo karibu na kamera. Gari liko mahali tambarare, na oili imepata usiku mzima wa kushuka. Injini hii ni boksa, pistoni zake zimelala kulia na kushoto, kwa hiyo oili hukawia kwenye vichwa vya injini vilivyo pembeni, na ukipima dakika moja baada ya kuzima utadanganyika. Chomoa, futa, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena. Pande mbili za dipstiki zikitofautiana, iaminini ile inayoonyesha kidogo. Kutoka alama ya chini hadi ya juu ni takriban lita moja, na injini nzima hubeba lita nne na kidogo, kwa hiyo alama ya chini tayari ni upungufu mkubwa. Kuzidisha nako ni kosa, maana krankishafti huipiga oili ikatoa povu, na povu halilainishi kitu. Mimi hupima kila Jumapili kabla ya ibada, na lita moja ya akiba haitoki kwenye buti.

Kubadilisha, kanuni yangu ilikuwa kilomita 5,000 au miezi sita, chochote kitakachotangulia. Kwa vumbi letu, na kwa safari za kilomita tatu za kupeleka watoto shule ambazo haziipi oili nafasi ya kupata joto na kukausha unyevu, nimeshusha hadi 4,000. Natumia 5W-30 ya sintetiki kamili, yenye daraja la ubora la API (Taasisi ya Petroli ya Marekani) SN, lililoanza mwaka 2010, au SP la mwaka 2020. Baadhi ya mafundi watakushauri 20W-50, ambayo ni nzito zaidi, kwa sababu gari ni la zamani. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao, kwani injini hii ina mfumo wa kubadilisha muda wa kufunguka kwa vali unaotegemea oili kupita kwenye njia nyembamba. Oili ya kuflashi, yaani ya kusafisha injini kwa ndani, pia naikwepa kwenye gari ambalo historia yake siijui: tope lililoganda miaka kumi likibanduka kwa mkupuo, linaweza kwenda kuziba mahali pabaya.

Na mahali pabaya panapojulikana ni hapa. Ndani ya bolti ya bomba linalopeleka oili kwenye turbo kuna kijichujio cha wavu, kidogo kuliko kifuniko cha kalamu. Kikiziba, dipstiki itasoma vizuri, taa haitawaka, na turbo itakufa kwa kiu. Mwambie fundi akifungue akikague, na turbo ikibadilishwa kibadilishwe pamoja nayo. Ukisahau, turbo mpya itaifuata ya kwanza.

Kuhusu vumbi, kuanzia Mei hadi Novemba hapa hatuna mvua ya maana. Ea klina, yaani chujio la hewa, ikitoboka au ikikaa vibaya, mchanga laini hula mapanga ya turbo na kukwangua ringi za pistoni, na ringi zikichoka gari huanza kula oili. Yangu naitazama kila mwezi. Intakula, inayopoza hewa itokayo kwenye turbo, iliyo chini ya tundu la boneti nayo hujaa vumbi; ipulizwe kwa upepo wa wastani, mapezi yake ni laini.

Ukimaliza mlima au mwendo mkali, endesha taratibu kilomita za mwisho, au liache gari liungurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima. Turbo hii ina maji ya kuipoza, lakini oili inayobaki imesimama ndani ya chuma cha moto bado inaweza kuungua na kuwa masizi magumu. Ukitoka Mtumba, kwenye mji wa Serikali, kwa mwendo wa foleni, zima tu uingie ndani ukale.

Mwisho ni moshi wa bluu. Usikimbilie turbo ya mtumba kabla fundi hajakagua vali ya kupumulia injini na bomba la kurudisha oili, kwa sababu presha ikijaa ndani ya injini, oili husukumwa kupitia sili za turbo ambayo yenyewe ni nzima. Na kwa anayenunua: omba ulione gari asubuhi kabla halijawashwa, fungua kifuniko cha oili utazame kama kuna tope, pima dipstiki, kisha uwashe mwenyewe huku mwenzako akitazama bomba la moshi. Mimi nikifika nikakuta injini imeshapashwa moto, humwambia muuzaji nitarudi kesho alfajiri, na akikataa, basi sirudi.