Kanuni au kompyuta: njia mbili za kuanza takwimu

Anayeanza kwa kanuni hukutana mapema na jaribio la t, kipimo cha kulinganisha wastani, lililotokana na kazi ya mwanatakwimu William Gosset ya mwaka 1908. Anakokotoa, anasoma jedwali, anapata jibu. Ni njia ya haraka, ila wengi hufaulu mtihani bila kujua namba za jedwali zimetoka wapi.

Njia ya kompyuta, yaani kuchota upya (resampling), huanzia kwenye swali lenyewe: je, tofauti hii ya wastani kati ya makundi mawili ingeweza kutokea kwa bahati tu? Changanya data zote, zigawe tena kwa nasibu, pima tofauti, rudia mara 10,000. Kisha hesabu ni mara ngapi tofauti ilifikia ile uliyoiona mwanzo. Kwa Python, lugha ya kuandikia programu, ni mistari michache, na mwanafunzi anaiona bahati ikifanya kazi mbele yake. Njia nyingine ya kuchota upya, butistrapu (bootstrap) ya mwanatakwimu Bradley Efron (1979), huchota kutoka sampuli ileile kwa kurudishia kila kilichochotwa, hivyo hata kuyumba kwa mediani kunapimika bila hesabu nzito.

Ndiyo maana mimi ningeanza na kompyuta, kanuni zifuate, ingawa lazima kwanza ujifunze kuandika programu kidogo. Sampuli iliyokusanywa kwa upendeleo haiponywi na njia yoyote kati ya hizi.