Visu vya Kukunja vya Ukoo wa Wagema Mepo: Anza na Mti, Nembo Baadaye

Karibuni tena, watazamaji wetu. Kisu kilicho mezani leo ni cha kukunja, kimoja kati ya 12 vilivyotengenezwa kwa oda maalumu ya familia ya wagema mepo (mti wa maple, wenye maji matamu) huko Vermont, Marekani. Nasema wagema kwa makusudi. Pwani yetu mgema hupanda mnazi na kotama yake. Kule hutoboa shina la mepo tundu la milimita 8, kina cha sentimita 4 au 5, akapachika mrija, basi. Usiku ukiganda na mchana ukiyeyusha, Februari hadi Aprili, maji ya mti yanadondoka. Sukari yake ni kama asilimia 2 tu, ndiyo maana lita 40 huchemshwa hadi ibaki lita 1 ya sharubati. Mlioko Burlington na Winooski mnaujua mvuke wa vibanda vile mwezi wa tatu.

Sasa, familia ikitaka kuienzi kazi hiyo kwa visu, wengi hukimbilia nembo: jani, jina la ukoo, mwaka. Anzeni na mti wenyewe. Sogezeni macho hapa kwenye mpini. Mnaona hili duara dogo, na mstari wa kahawia unaopanda juu na kushuka chini yake kama ulimi? Hilo ni tundu la kugemea. Mti ukitobolewa, mbao iliyo karibu na jeraha hufa na kubadilika rangi, mti unaizingira, kisha unaendelea kunenepa kwa nje. Tundu la zamani halipotei, linabaki limefukiwa ndani ya shina. Kwa hiyo mepo uliogemwa miaka mingi ukianguka kwa dhoruba, usiukimbize jikoni kama kuni. Ndani yake kuna kumbukumbu ambayo hakuna mchongaji anayeweza kuiiga.

Kuipata kunataka uangalifu. Pitisha kwanza kifaa cha kugundua chuma, maana mirija ya zamani na misumari huzama ndani ya shina na kuvunja meno ya msumeno. Ukiona doa la buluu linaloelekea weusi kwenye mbao ya mepo, chuma kiko karibu. Pasua mbao kwa kufuata urefu wa shina, ili ule mstari wa kahawia ulale kwenye urefu wa mpini. Ukikata kwa kukingama utabaki na doa dogo tu lisiloeleweka. Kwa kisu cha sentimita 9.5 kikiwa kimefungwa, kila kibao, yaani kipande cha kufunika upande mmoja wa mpini, kiwe na urefu wa sentimita 11, upana wa 3 na unene wa milimita 6. Visu 12 vinahitaji vibao 24, peleka 40. Vingine vitapasuka, vingine vitakuwa na tundu mahali pa pini.

Halafu ukavu. Hapa ndipo oda nyingi zinapoharibikia. Mepo wa sukari ukitoka mbichi hadi kukauka kabisa husinyaa karibu asilimia 10 kwa upande unaofuata pete za mti, na nusu ya hapo kwa upande unaotoka kwenye kiini. Fundi akifunga kibao chenye unyevu, kitasinyaa kikiwa tayari kwenye kisu: bamba la shaba la ndani litachomoza pembeni, utalisikia kwa ukucha, na ufa utaanzia kwenye pini. Mbao ya sentimita 2.5 ikaukie kivulini karibu mwaka mzima, ncha zake zikiwa zimepakwa nta. Baada ya hapo vibao vishibishwe resini, utomvu wa kiwandani unaogumu ukiokwa: vikaushwe kwenye oveni kwa saa 24, vipoe ndani ya mfuko uliofungwa, vizamishwe kwenye resini na kuvutwa hewa mpaka mapovu yakome, viachwe vinywe resini kwa muda usiopungua ule wa kuvutwa hewa, kisha viokwe hadi resini ishike. Mbao ya eneo la tundu huwa imelegea kidogo, hivyo ikisuguliwa bila resini itamong'onyoka. Na lile tundu lenyewe lijazwe resini angavu ili maji yasipenye. Mtu asikuambie ni gharama ya ziada isiyo na kazi.

Chuma nitakipitia haraka. Hiki ni 1095, chuma cha kaboni ambacho viwanda vya visu vya jadi vya Marekani hukitumia sana. Kinanoleka vizuri na kinajijengea utando wa kijivu unaopendeza, ila kikilala na unyevu mfukoni usiku mmoja kinapata kutu. Kama visu ni vya kuhifadhiwa na wazee, sawa. Kama vijana watashinda navyo msituni kwenye theluji, ningeagiza chuma kisichoshika kutu, aina ya AEB-L au 14C28N, bila kusita.

Umbo la bapa wamelipatia. Makali yamenyooka na mgongo umeinama kuelekea ncha. Mgema wa leo hukata mipira ya plastiki, ile mirija mirefu ambayo pampu huvutia maji ya mti, kuliko kitu kingine chochote, na mpira lazima ukatwe kwa pembe mraba. Ukikatwa mshazari haukai sawasawa kwenye kiungio, hewa inaingia, na mvuto wa pampu unashuka kwenye laini nzima. Makali yaliyopinda huusukuma mpira pembeni. Yaliyonyooka hushuka moja kwa moja. Springi nayo ni ya nguvu ya kati, na bapa linasimama nusu njia, kwenye nyuzi 90, kabla ya kufunga. Kwa vidole vilivyokufa ganzi kwa baridi, kituo hicho kinaokoa ngozi. Walichosahau ni kuchimba ukingo wa mpini ili bapa lishikwe kwa vidole viwili. Mfuo wa kucha peke yake hautoshi ukiwa umevaa glovu.

Kosa kubwa la kisu hiki ni nembo. Ni jani la mepo la chuma cheupe, na ncha zake mbili zimeanza kuinuka. Kila ncha ya jani inahitaji shimo lenye kona kali kwenye mbao. Fundi huishia kuziba pengo kwa gundi, kisha uzi wa mfuko unanasa, unavuta. Umbo la ndoo ya kugemea lina kona nne tu, linakaa imara, na kwa familia ya wagema lina maana ile ile. Jina la ukoo nalo limechorwa kwa leza katikati ya bapa. Litafifia kadiri utando wa kijivu unavyokua na kisu kinavyonolewa. Lipigwe muhuri wa kina kwenye shina la bapa, karibu na egemeo, pale bapa linapozungukia.

Usafi: sharubati ikikauka kwenye egemeo, springi inakwama. Weka sehemu hiyo ya chuma kwenye maji ya moto, funga na kufungua mara kumi, kausha mara moja, tone moja la mafuta ya madini yanayofaa kwa chakula. Mafuta ya kupikia yaacheni, yanageuka gundi.

Kabla ya kulipia vyote, daini kisu kimoja cha mfano. Kishike mbele ya dirisha: mwanga usipite kati ya springi na mabamba. Kishike mpini, sukuma ncha kushoto na kulia, isicheze. Kisha kata vipande kumi vya mpira wa milimita 8 na uvisimamishe mezani. Vikisimama vyote bila kuegama, mwambie fundi aendelee na 11 vilivyobaki.