Fundi wa sudire wa Ndosho aliyenyamazisha TVS yangu kwa dola 12

Kama moto (pikipiki) yako inalia mpaka watoto wa jirani wanaamuka, usikimbilie maduka ya Birere kununua silansie (ile ya nyuma inayopunguza kelele) mupya, pita kwanza Ndosho, hapa kwetu Goma, kwa mafundi wa sudire, wale wa kuchomelea chuma. Mimi nitasema juu ya mumoja tu, muzee mumoja mwenye kibanda ya mabati na jenereta mbele, hana ata kibao ya jina, ukiuliza wamotari wa pale watakuonyesha. Dola 12 kazi yote, jointi ikiwa ndani, na sasa natoka saa kumi na moja asubui mbele ya kelele za mutaa kuanza na hakuna mutu anafungua dirisha. Dukani walikuwa wananitaka 35 kwa silansie ya kopi, bila kazi ya kuifunga. Namupa 8 kwa 10, na zile mbili zilizobaki nitasema kwa nini namunyima.

Moto ni TVS HLX 125, niliinunua okazio (iliyoshatumika) kwa kijana aliyependa ilie kama moto za mashindano. Alikata silansie nyuma, akatoa vyumba vya ndani pamoja na tubu zake zote, akachomelea tena kifuniko, ukiangalia kwa nje unasema ni ya kiwanda. Bayere wetu, mwenye nyumba, ni mutu wa kimya lakini siku moja alinisimamisha ku mulango akaniambia "papa, kati yako na hii moto mumoja atahama", na alikuwa hacheki.

Nilivyofika nilikuwa tayari namunyooshea muzee silansie kwa kidole, yeye ata hakuiangalia. "Mwanangu, zima kwanza, ingoje ipoe." Sikuelewa. Moteri ilipopoa akaiwasha, akachukua kitambaa yenye maji akaziba tundu ya nyuma ya eshapema (njia yote ya kutolea moshi) kidogo tu, na kwa mukono ule mwingine akanionyesha pale tubu inaingilia ku kichwa ya moteri: tsss tsss tsss. Eshapema yenye haivuji, ukiiziba hivyo moteri inakabwa inazima yenyewe, yangu iliendelea kupumulia kule mbele bila wasiwasi. Akapaka povu ya sabuni pale, ikatoa mapovu. Na moshi mweusi ulikuwa umeshachora ule musitari ku chuma siku nyingi, ni vile tu hakuna mutu aliyenifundisha kuangalia pale.

Njo hiyo kitu ilinifanya nimupende huyu fundi. Wengine wote niliopitia walianzia nyuma, juu nyuma njo kuna pesa. Yeye alianzia mbele, ku ile jointi ndogo ya duara inayokaa kati ya tubu na kichwa ya moteri, ile inayobonyea ukiikaza na ambayo ukishafungua eshapema lazima uweke ingine mupya, lakini magaraji mengi wanarudisha ile ile ya zamani iliyoshabonyea. Ikivuja pale unasikia tak-tak-tak kali ukiongeza gesi, na ukiachilia gesi kwa muteremuko moto inapigapiga nyuma kama risasi, juu inavuta hewa kupitia ile nafasi na petroli iliyobaki inaungulia ndani ya tubu. Mu muji wetu kelele ya aina hiyo haichekeshi mutu. Jointi yenyewe ni franga kidogo sana, alibadilisha, akakaza bulo zote mbili pole pole kwa zamu, moja kidogo ingine kidogo, na ile ya kupigapiga ikaisha pale pale. Kama silansie yako ni nzima, pengine kazi yako itaishia hapo na utarudi nyumbani na pesa yako.

Yangu ilikuwa mutupu kwa hiyo tukaendelea. Akaifungua nyuma kwa mashine ya kukatia chuma, akanionyesha mule ndani mulivyo kama mukebe wa maziwa. Maelezo yake yalikuwa mazuri kuliko ya video nyingi: kila mara valvu ya eshapema inafunguka, gesi inatoka ikiwa bado na nguvu, ni mupigo. Moteri ya silinda moja ya mizunguko mine inapiga mara moja kila mizunguko miwili, kwa hiyo ukiwa ku 4000 kwa dakika ni mipigo 33 hivi kila sekunde. Kazi ya vile vyumba na tubu za ndani ni kufanya ile mipigo igongane, irudi, ipotezane nguvu mbele ya kutoka. Ukivitoa, mupigo unatoka mbichi. Nguvu yule kijana alifikiri anaongeza sijui aliiona wapi, juu moto za kiwanda kama hizi zimepimwa pamoja na silansie yake, ukibadilisha moja bila kugusa kabirateri mara nyingi unapoteza kuliko unavyopata.

Muzee alikata kipande cha tubu, akakitoboa matundu mengi mengi kwa perseze (mashine ya kutobolea), akakichomelea katikati, akaweka ukuta mumoja wa tole wenye tubu ndogo ya kupitia, akafungia na sufu ya kioo kuzunguka ile tubu yenye matundu. Sufu aliitoa mu furu (ile ya kuokea) ya zamani ya umeme, zile zinazotupwa. Hapo muwe macho, kuna wengine wanaweka mousse (sponji) ya frigo, ile inaungua siku ya kwanza na moshi yake ni mubaya. Na sufu ya kioo pia usiichezee mikono mitupu, inawashisha, na vumbi yake haifai kuingia mu mapafu, muzee mwenyewe alijifunga kitambaa mdomoni. Kule kwa wenzetu wanayeyusha mawe ya volkano kama basalti wanayafanya sufu ya kazi kama hii, na sisi tulio juu ya mawe ya Nyiragongo tunajengea tu kuta za parsele.

Matokeo sasa. Nilipima na telefone mbele ya kazi na kisha kazi, pahali pamoja, umbali mumoja, gesi ya mukono ule ule, najua telefone siyo mashine ya kweli lakini kwa kulinganisha inatosha: ilishuka desibeli kama 11. Wanasema ikishuka 10 sikio linaisikia kama nusu, na njo vile niliisikia. Kwa motari anayeshinda juu ya moto hii siyo mambo ya majirani tu, wataalamu wa afya ya kazi wanaweka mwisho ku desibeli 85 kwa masaa 8, na NIOSH, taasisi ya Wamarekani ya afya ya kazi, inasema kila ikipanda 3 yale masaa yanakatwa nusu, kwa hiyo ukiwa ku 94 saa moja tu umeshamaliza siku yako. Wateja sasa wanaongea na telefone huku nyuma bila kunipigapiga bega nisimame.

Nguvu je? Niliogopa hiyo, juu hapa tuko ku mita kama 1500, hewa ni nyepesi na moto tayari inapungukiwa kidogo, ukiikaba eshapema zaidi utalia ku mupando. Nikaipandisha Munigi na mutu nyuma na kifuko cha unga, ikapanda gia ile ile ya zamani. Muzee alikuwa ameniambia mapema: ile tubu ya kutokea isipunguzwe kuwa ndogo kuliko ya kiwanda, ukitaka kimya kabisa utapata moto inayochemuka.

Sasa zile alama mbili. Ya kwanza, saa. Alisema "kesho saa nne iko tayari", ile kesho ilikuwa na watoto na wajukuu, na kila ukipiga telefone iko "karibu karibu". Kama wewe unaishi na ile moto, panga siku yenye hauna deni ya versema, ile pesa ya kumupelekea mwenye moto. Ya pili ni kubwa zaidi: wakati wa kurekebisha kifungio cha silansie alitaka kuchomelea ikiwa ku moto bila kutoa waya ya bateri. Nilimuambia akatoa, hakukasirika, lakini kama singesema angeendelea, na kuchomelea hivyo kunaweza kuua CDI (kile kisanduku cha umeme kinachotoa cheche ya moteri), na hapo zile dola 12 unazisahau. Rangi pia alipaka ya kawaida, ikaungua ikaanza kutoka vipande vipande, lakini hiyo nilisamehe, rangi ya kuvumilia joto ni kitu ya kununua mwenyewe.

Zile njia zingine za bei chini nimezionea kwa wenzangu pale parking. Kujaza waya ya kusugulia nyungu: inanyamaza kidogo, kiisha inashika kutu, inaungua, inatapikwa nyuma vipande vipande. Ile kitubu ya Wachina inayoingizwa nyuma na bulo moja inasaidia ku zile eshapema kubwa za wazi, ku silansie ya TVS ao Boxer (moto ya Bajaj) haina pa kukaa. Kamba ya kuzungushia tubu inazuia joto ya muguu, kelele inabaki ile ile, na ikilowa mvua inakula tubu kwa kutu. Ile pata, dawa nzito ya kupaka na kuziba, ni sawa kwa katundu kadogo, uisafishe chuma mbele ya kupaka na uache moto itembee pole pole ikauke kwa joto, lakini ku ile jointi ya mbele usiipake, pale weka jointi.

Silansie ya kopi ya dola 35 nitaichukua siku hii itatoboka kwa kutu, na itatoboka, juu petroli ikiungua inatoa pia maji, na safari fupi fupi za mu muji haziachi yakauke. Muulize muzee akuachie ile katundu kadogo ka chini ka kutolea hayo maji, wengine wanaiziba wakifikiri ni kasoro.

Silansie za Boxer muzee anafanya pia, bei karibu ile ile. Jointi uende nayo mwenyewe kama uko na haraka, juu akikosa anatuma kijana sokoni na yule kijana naye iko na safari zake.