Seti ya upinde wa watoto, inchi 54: upinde sawa, kinga nusu nusu (uzoefu wangu, Kisumu)

Nianze na jibu, maana wengi humu ndilo mnalolitafuta. Upinde wenyewe nunua. Kinga zilizomo kwenye boksi zirekebishe au uziweke kando. Shabaha ya foma inayokuja nayo usiitumie kabisa, na nitaeleza kwa nini.

Wazazi wanaotaka mtoto ajifunze kulenga shabaha mara nyingi huanza kwa kuulizia bunduki. Bunduki Kenya ina leseni yake, na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, haina mzaha. Upinde unamfunza mtoto mambo yaleyale ya msingi: kusimama, kupumua, kungoja amri, kutomwelekezea mtu chochote. Tena si mchezo wa wageni. Mpiga mishale Shehzana Anwar ndiye aliyebeba bendera ya Kenya kwenye ufunguzi wa Olimpiki za Rio mwaka 2016.

Seti hii naitumia na watoto wa Gredi ya 3 hadi ya 6. Ndani ya boksi mna kishikio cha mbao, mabapa mawili ya faibaglasi (yale yanayopinda), uzi wa Dakroni, kilalio cha mshale cha kubandika, mishale sita ya faibaglasi ya inchi 28, kinga ya mkono, kigozi cha vidole, podo (mfuko wa mishale) la kiunoni na shabaha ya foma. Kamba ya kuvalishia uzi hamna. Kinga ya kifua hamna. Haya mawili utayanunua mwenyewe, kwa hiyo ukilinganisha bei na seti nyingine yahesabu kabisa.

Nguvu yake imeandikwa pauni 14 kwenye bapa. Hiyo hupimwa uzi ukiwa umevutwa inchi 28, na hakuna mtoto wa miaka tisa anayefika hapo. Mwambie anyooshe mikono yote miwili pembeni, pima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, kisha gawa kwa 2.5. Mwenye sentimita 130 anavuta sentimita 52, yaani inchi 20 na nusu hivi, na hapo uzito anaoshika vidoleni umeshuka vizuri chini ya zile pauni 14. Kwa miaka minane hadi kumi na miwili inatosha. Jaribio langu ni rahisi: avute bila mshale, ahesabu polepole hadi tano, arudishe uzi taratibu. Bega likipanda kuelekea sikioni au mkono ukitetemeka, upinde ni mzito kwake. Mtafutie wa pauni 10. Kurudisha taratibu ni lazima. Uzi ukiachiliwa ghafla bila mshale, nguvu yote hurudi kwenye mabapa, na faibaglasi hupasuka, wakati mwingine mbele ya uso wa mtoto.

Kabla hujalipa, jua jicho la mtoto. Anyooshe mikono, aunganishe viganja abakishe tundu dogo la pembetatu, atazame kitu cha mbali kupitia hapo, halafu avute mikono polepole hadi usoni bila kukipoteza. Tundu litaishia kwenye jicho lenye nguvu. Jicho la kulia, upinde wa kulia. La kushoto, wa kushoto, hata kama anaandika kwa mkono mwingine. Seti hii kishikio chake kimechongwa upande mmoja tu, na muuzaji akiona hujauliza atakupa wa kulia. Mtoto wa jicho la kushoto akipewa huo, mishale yake yote itakuwa inaenda pembeni na wewe utakuwa unamkosoa bure.

Kuunganisha ni kazi ya dakika chache. Bapa lenye maandishi ya pauni ndilo la chini. Kaza skrubu kwa mkono hadi bapa lisitikisike, kisha malizia kidogo na spana ya L. Usikaze kama nati ya gurudumu, mbao itapasuka. Kuvalisha uzi tumia kamba yake maalumu. Ile mbinu ya kupitisha mguu katikati na kukunja upinde pajani hupindisha mabapa, na upinde uliopinda uzi wake hautakaa katikati tena.

Uzi ukishavaa, pima umbali kutoka uzi hadi kwenye shingo ya kishikio, pale mkono unapokaa. Uwe kati ya inchi 6 na nusu na 7 na nusu. Uzi wa hii seti ulikuja mrefu, umbali ukawa mdogo, na hapo ndipo uzi unapogonga mkono hata mtoto akisimama sawasawa. Dawa yake ni kuutoa na kuuzungusha mizunguko kadhaa ili ufupike, kisha upime tena. Pia uzi hauna alama ya kuonyesha mshale ukae wapi. Funga uzi mwembamba wa kushonea, uukaze kwa gundi, juu kidogo ya pale mshale unapokutana na uzi kwa pembe mraba, robo hadi nusu inchi hivi. Mshale unang'ata chini ya hiyo alama kila mara. Bila alama, mtoto atauweka leo juu kesho chini, na hutajua kosa ni lake au la kifaa.

Sasa kinga. Hapa ndipo seti inaniudhi.

Kinga ya mkono ni ya plastiki ngumu yenye mikanda miwili ya velkro, na imekatwa kwa mkono wa mtu mzima. Kwa mtoto mwembamba inazunguka. Ukiitazama mishale mitatu mfululizo utaona: mshale wa kwanza iko ndani ya mkono, wa pili imehamia juu, wa tatu imeteleza hadi kifundo, na ile nyama laini chini ya kiwiko iko wazi. Ndipo uzi unapopiga. Alama yake ni mstari mwekundu unaogeuka zambarau, na mtoto aliyepigwa hapo mara mbili huanza kufumba macho akiachilia. Fundi wa viatu pale soko la Kibuye atakukatia kipande cha ngozi au rexini nene kutoka kifundo hadi karibu na kiwiko, aweke lastiki pana mbili na vifungo upande wa nje, mbali na uzi. Buko la chuma lisiwepo kabisa. Uzi ukilinasa, huo mshale haujui unakwenda wapi.

Kinga peke yake haitibu. Mwonyeshe mtoto kuweka kiganja ukutani, bega chini, kisha azungushe kiwiko hadi kile kikunjo cha ndani kitazame pembeni badala ya kutazama juu. Kiganja kisisogee. Akiweza hivyo ukutani, ataweza na upinde, na uzi utapita bila kugusa.

Kigozi cha vidole ni kizuri ila kirefu. Kikunje na ukikate kifuate vidole vya mtoto, vinginevyo ncha yake hunasa uzi. Kinga ya kifua nunua ya neti, na ivaliwe upande wa mkono unaoshika upinde. Wasichana na wavulana wote wavae, kwa sababu kazi yake kubwa kwa watoto ni kubana nguo. Sweta la shule lililolegea, kamba za kofia ya jaketi, mkufu, tai, kalamu mfukoni, vyote hunasa uzi. Nywele ndefu na rasta zenye shanga zifungwe nyuma. Viatu vya kufunika vidole, siyo patipati: mshale ulioingia chini ya nyasi hauonekani, na ncha yake au vipande vya faibaglasi vinaungoja mguu. Hakuna peremende mdomoni.

Miwani ya kinga? Kwa upinde wa kulenga shabaha si sharti la mchezo, lakini kwa wadogo mimi nawavalisha. Kwa zile seti za supamaketi zenye mishale ya mpira wa kunyonya ni lazima, maana watoto hulengana, na siku mpira ukichomoka kinabaki kijiti kitupu. Tafuta iliyochapishwa EN 166 au Z87+ (alama za viwango vya miwani ya kinga) kwenye fremu au lenzi. Miwani ya jua ya barabarani haihesabiki.

Mishale ya faibaglasi ni imara na nafuu, na urefu wa inchi 28 usikubali ukatwe. Mshale lazima uzidi mvuto wa mtoto kwa angalau inchi 2, kwa sababu mfupi ukivutwa kupita kilalio unaangukia nyuma ya kishikio, na ukiachiliwa hapo unaelekea kwenye mkono ulioshika upinde. Kabla ya kila kipindi pitisha kitambaa, siyo kidole, kwenye kila mshale. Kikinasa uzi wa faibaglasi, mshale huo umekwisha. Mshale mwingine ukunje kidogo kwa mikono miwili huku ukiugeuza, usikie kama unalia. Angalia kile kiplastiki cha nyuma kinachong'ata uzi kama kina ufa. Vuta ncha ya chuma: za seti hii gundi yake ni hafifu, zinabaki ndani ya shabaha. Nilizibandika upya kwa epoksi zikatulia.

Kilalio cha kubandika hakikuvumilia joto la Kisumu. Gundi ililainika, kikateleza. Kisafishe kwa spiriti, weka tepu ya pande mbili ya zile za gari, na usiache upinde ndani ya gari juani, hasa ukiwa umevalishwa uzi.

Shabaha ya foma ni nyembamba kama kandambili. Kwa mita 5 mshale unaipenya hadi manyoya na kutokea nyuma. Tengeneza yako: gunia la sukari la kilo 50 lililoshindiliwa mabaki ya mitumba. Nguo zote zitolewe zipu na vifungo, la sivyo mshale utadunda ukurudie. Shindilia kwa mguu kila tabaka hadi gumba lisiingie, shona mdomo, liegemeze kwenye fremu ya mbao mbili zilizofungwa zisianguke. Karatasi ya shabaha ya sentimita 80 au hata 122 inawafaa wanaoanza kuliko ile ndogo. Nyuma yake tundika zulia kuukuu likining'inia huru, bila kukazwa chini. Likikazwa mshale unapenya, likilegea linaumeza. Nyavu za wavuvi hazifai, macho yake ni makubwa na uzi ni mwembamba. Ukuta wa mawe pekee haufai pia, unarudisha mshale.

Tunaanza mita 5, tunaenda 10 mtoto akiweza kukusanya mishale yote kwenye karatasi. Asubuhi ndio wakati, kwa sababu mchana upepo wa ziwa unaingia na kusukuma hii mishale mepesi. Wenzetu wa Nakuru watakwambia vivyo hivyo kuhusu vumbi na upepo wao. Nyuma ya shabaha kusiwe na njia ya miguu wala mbuzi waliofungwa. Na mtoto asivute uzi huku upinde ukiwa juu angani halafu ateremke. Vidole vikiteleza, mshale unavuka ua.

Mistari miwili chini, ya chokaa: wa kupiga na wa kungoja, mita 5 nyuma yake. Filimbi ndiyo inayoongoza, na ishara ni zilezile za mashindano ya kimataifa: mbili, njooni mstarini; moja, pigeni; tatu, nendeni mkachukue mishale; tano au zaidi, simama, rudisha mshale kwenye podo hata kama ulikuwa umevuta. Hii ya tano wafanyie mazoezi mara nyingi kabla ya kuwapa mshale wowote. Mstarini watoto wasizidi wanne kwa mtu mzima mmoja, wakiwa wametengana mita moja na nusu, kila mmoja na mishale mitatu tu. Aliyemaliza anarudi mstari wa kungoja na kuweka upinde chini. Mshale ulioanguka mbele ya mstari unabaki hapohapo, hata uwe karibu kiasi gani.

Kuchomoa ndiko kunakosahaulika, na ndiko macho yanakoumia. Wote wanatembea, hakuna kukimbia. Wanaingia wawili wawili kwa kila shabaha, wanasimama pembeni, mmoja anachomoa. Kiganja kimoja kinabana karatasi, kingine kinashika mshale karibu kabisa na gunia na kuuvuta kinyoofu. Kabla ya kuvuta anageuka kuangalia nyuma yake. Glavu za bustani zinazuia vijiti vya faibaglasi kuingia kiganjani.

Mtoto akilalamika mshale unaanguka kilalioni kabla hajaachilia, anaubana kati ya vidole. Mwambie vidole vishike uzi kama ndoana, kimoja juu ya mshale na viwili chini, pasiwe na mgusano; nyoya la rangi tofauti litazame nje, mbali na upinde.

Podo lililomo ni sawa. Uzi wa akiba nunua mapema: kwa upinde wa inchi 54 uzi wenyewe uwe na urefu wa inchi 51 hivi, na upake nta ukianza kutoa manyoya. Ukiona hata nyuzinyuzi moja imekatika, badilisha. Upinde naupa nyota nne, kinga mbili, na ile foma hata nusu haipati. Nyumbani, mishale hukaa kabatini chini ya kufuli, na upinde ukiwa umevuliwa uzi hukaa chumba kingine.