Vinyoleo vya Wembe Mmoja: Kipi Ununue Kwanza

Asubuhi yangu huanza na maji ya moto, brashi na bakuli dogo la povu. Ni dakika kumi na tano kila siku, na sizikopeshi kwa shughuli nyingine. Wanaotaka kuanza kunyoa kwa njia hii huniuliza swali lilelile, ninunue kinyoleo gani, na wengi huwa tayari wamekitolea macho kile kinachong'aa kuliko vyote. Mimi huvipanga vinyoleo kwa kipimo kimoja tu: kinasamehe kiasi gani? Mkono wa anayeanza hukosea pembe, hukandamiza, hurudia mahali ambapo povu limeshakauka. Kinyoleo kizuri cha kwanza ni kile kinachouacha mkono huo ujifunze bila kuutoza damu.

Ninachokizungumzia hapa ni kile cha chuma chenye umbo la herufi T, kinachobeba wembe mwembamba wenye makali pande mbili. King Camp Gillette alianza kukiuza mwaka 1903, na mwaka ule wa kwanza viliuzwa vinyoleo 51 na nyembe 168. Umbo la wembe halijabadilika sana tangu hapo, kiasi kwamba wembe ulionunuliwa leo unaingia kwenye kinyoleo cha miaka themanini iliyopita na kukaa sawasawa. Kwa mnunuzi hili ni jambo kubwa. Unanunua kinyoleo mara moja, kisha unatumia nyembe za kampuni yoyote uipendayo.

Kuna na sababu ya ngozi. Vichwa vya plastiki vyenye nyembe mbili vilianza kuenea miaka ya 1970, kisha zikaongezwa tatu, nne, tano. Wembe wa mbele huuvuta unywele, wa nyuma yake huukata kabla haujarudi, na unaporudi ncha yake hubaki chini ya ngozi. Mwenye ndevu zilizonyooka hufurahia ulaini ule. Mwenye ndevu za kujisokota huamka kesho yake na vipele shingoni, kwa sababu ncha ile imepinda na kuichoma ngozi kwa ndani. Wembe mmoja hukata usawa wa ngozi na kuishia hapo. Lakini si dawa: ukiivuta ngozi kwa nguvu na kunyoa kinyume cha uelekeo wa ndevu, vipele vilevile utavirudisha kwa mkono wako.

Kabla ya kupanga nafasi, angalia mwanya, yaani ile nafasi iliyopo kati ya makali na ukingo wa chini wa kichwa. Mwanya mdogo na wembe usiochungulia sana nje hufanya kinyoleo kiwe kipole; mwanya mkubwa hukifanya kiwe kikali. Ukali huu hauna uhusiano na unyoaji safi. Kinyoleo kipole hunyoa safi kabisa ukipita mara mbili, na asubuhi ile ile unaweza kuvaa shati la kola bila kuhisi moto.

Jambo la pili ni madini. Vinyoleo vingi vya bei ya kati ni vya zamak, mchanganyiko wa zinki na alumini kidogo, uliopakwa kromu juu. Vinapendeza na vinadumu, ila havipendi sakafu. Changu cha kwanza kiliniponyoka mkono ukiwa na sabuni, kikagonga vigae, nikasikia mlio mkavu. Nilipokiokota, ile skrubu inayotoka kwenye kichwa kuingia kwenye mpini ilikuwa imekatika na kipande kimebaki ndani. Hakitengenezeki. Cha chuma cha pua kingeondoka na mkwaruzo tu. Kwa hiyo kama mikono yako ni ya kuangusha vitu, jipe subira, weka akiba, ununue chuma cha pua.

Nafasi ya kwanza: Mühle R89 au Edwin Jagger DE89

Naviweka pamoja kwa sababu kichwa chao ni kimoja, ingawa kimoja ni cha Ujerumani na kingine ni cha Uingereza. Tofauti iko kwenye mpini. Kichwa hiki ni kipole bila kuwa butu. Ukikosea pembe kidogo kinakuonya kwa kutokata, hakikuadhibu. Ukikipata pembe yake kinatoa sauti ndogo ya kukwaruza, kama mtu anayepitisha kucha juu ya karatasi nene, na sauti hiyo ndiyo mwalimu wako wa kwanza. Zima redio wiki ya mwanzo ili uisikie. Ikinyamaza, aidha hapana ndevu tena au pembe imekutoka.

Chagua mpini wenye nakshi au mistari. Ule uliosuguliwa laini kama kioo ni mzuri kwenye picha, lakini huteleza vidole vikiwa na sabuni, nami nimeshaeleza kinachotokea kikifika chini.

Nafasi ya pili: Merkur 34C

Hiki hutengenezwa Solingen, mji wa Ujerumani wenye sifa ya visu na nyembe tangu enzi za mafundi wa panga. Ni kifupi na kinene, kina uzito wa kama gramu 77, na uzito huo umekaa vizuri mkononi. Faida yake kwa anayeanza ni kwamba kinakushawishi kuacha kukandamiza: ukikiweka shavuni chenyewe kinashuka. Kina vipande viwili tu, na wembe hukaa sawa bila kuhangaika. Nimekiweka nyuma ya R89 kwa sababu ya urefu. Mwenye viganja vikubwa atahisi kama ameshika kifundo, na chini ya pua pembe hupatikana kwa shida. Mwenye mikono ya kawaida akikichukua hiki badala ya kile cha kwanza, sitabishana naye.

Nafasi ya tatu: Rockwell 6C na 6S

Vina sahani tatu za kukaa chini ya wembe, zinazogeuzwa, kila upande ukiwa na mwanya wake, hivyo unapata ngazi sita za ukali ndani ya kinyoleo kimoja. 6C ni cha zamak, 6S ni cha chuma cha pua. Kwa ubora, 6S kinavishinda vyote vilivyotangulia. Kwa nini basi nafasi ya tatu? Kwa sababu nimeona watu wanavyokitumia. Jumatatu ngazi ya pili, Jumanne ya nne, Jumatano ya tano na wembe mpya juu yake. Alhamisi shingo imechubuka na mtu hajui akilaumu nini. Anayeanza asibadilishe vitu viwili kwa wakati mmoja. Kama unaweza kujizuia, ukakiweka ngazi ya pili au ya tatu kwa mwezi mzima, basi kipandishe hadi nafasi ya kwanza na usahau hivyo vingine.

Nafasi ya nne: Gillette za zamani

Tech, iliyotoka mwishoni mwa miaka ya 1930, na Super Speed ya baada ya Vita Kuu ya Pili, bado zinanyoa vizuri kuliko vinyoleo vingi vipya. Tech hasa ni pole mno. Super Speed hufunguka juu kama milango miwili ukizungusha kitasa cha chini. Nazipenda kuliko ninavyoweza kueleza hapa, ila ununuzi wake unahitaji jicho. Angalia kama milango inafunga kwa usawa pande zote mbili, kama mpini hauna ufa mwembamba wa kushuka, kama ukingo haujapinda. Weka wembe ndani utazame kutoka juu: makali yachungulie sawa kushoto na kulia. Yakizidi upande mmoja, rudisha. Kikishapita mtihani huo, kioshe kwa sabuni ya vyombo na mswaki wa zamani, kisha kifute kwa spiriti.

Nafasi ya tano: Feather AS-D2

Ni cha Kijapani, cha chuma cha pua, kimetengenezwa kwa usahihi wa kushangaza na ni kipole sana. Hakina kosa. Tatizo ni gharama: kwa fedha yake unapata kinyoleo cha nafasi ya kwanza, brashi, sabuni na nyembe za miaka. Kinunue baada ya mwaka, ukiwa umejua kwamba jambo hili umelipenda kweli.

Nafasi ya mwisho: Mühle R41

Chini ya kichwa chake kuna meno kama ya chanuo, na wembe unachungulia nje bila aibu. Mwenye ndevu nene anayenyoa mara moja kwa wiki, mwenye mkono uliokwisha kukomaa, hukisifu. Anayeanza asikiguse. Kinafanana sana na ndugu yake R89 kwenye picha, kwa hiyo soma namba vizuri kabla ya kulipa.

Wembe wa kukunja sikuupa nafasi. Huo ni ufundi mwingine kabisa, wenye mkanda wa ngozi wa kuunolea kila kabla ya kunyoa, jiwe, na miezi ya kujifunza. Ule wa kukunja unaowekewa kipande cha wembe wa kutupa unaonekana rahisi zaidi, kumbe ni mwepesi mno mkononi na hausamehi chochote.

Nyembe

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu anasikia kwamba Feather ndio wembe mkali kuliko yote, ananunua mia, anachubuka, anazigawa. Wembe hauna mshindi. Kuna unaoelewana na ngozi yako. Nunua pakiti ndogo ndogo za kampuni tano au sita. Anza na Astra ya kijani, ambayo ukali wake uko katikati na watu wengi huelewana nayo. Inyolee wiki mbili ndipo ujaribu nyingine. Derby Extra ni pole zaidi, na kwa ndevu ngumu huvuta. Voskhod ya Urusi ni laini kuliko sifa zake. Feather iache iwe ya mwisho kuijaribu, ukiwa mkono umetulia.

Wembe mmoja utakupa kunyoa mara tatu hadi tano. Ukianza kuhisi unavuta badala ya kukata, umekwisha, usiuonee huruma. Usiufute kwa taulo. Usuuze tu na kuukung'uta. Nyembe zilizotumika zitie kwenye mkebe uliofungwa wenye tundu jembamba juu, ukijaa uutupe mzima, ili mtu wa taka asijikate. Na ukisafiri kwa ndege, nyembe zikae kwenye begi la kukabidhi, maana kwenye mzigo wa mkononi zitachukuliwa.

Brashi na sabuni

Brashi ya nyuzi za kutengenezwa ndiyo ninayoishauri. Hailoweshwi kabla, hutoa povu haraka, hukauka upesi, na za siku hizi ni laini kweli. Ya manyoya ya nguruwe ina nguvu ya kusugua lakini hutaka wiki kadhaa kabla ncha zake hazijalainika, na asiyegusa kitu cha nguruwe ataipita. Ya manyoya ya melesi, mnyama anayefanana na nyegere, huleta raha yake, kwa bei yake.

Sabuni: Proraso, ya Italia, ile nyeupe kama ngozi yako huwaka upesi, ya kijani ina mentholi na mikaratusi, na wakati wa joto hakuna kinachoishinda. Arko ya Uturuki huja kama kijiti, unakisugua moja kwa moja kwenye ndevu zilizolowa kisha brashi inamalizia. Ina mafuta ya wanyama, na harufu yake ama utaipenda ama utaikimbia. Povu la kopo la kupuliza liache. Lina hewa nyingi na halishiki maji.

Povu zuri linang'aa kama mtindi uliokorogwa. Likiwa na mapovu makubwa, maji yamezidi. Likikauka shavuni kabla hujafika kidevuni, ongeza matone machache na uendelee kuzungusha.

Siku ya kwanza

Usiku uliotangulia pitisha vidole shingoni kila upande ujue ndevu zimelalia wapi. Chini ya taya zangu, kwa mfano, upande wa kushoto huelekea sikioni na wa kulia hushuka, na nilinyoa miaka bila kulijua hilo. Asubuhi, baada ya maji ya moto na povu, gusisha sehemu ya juu ya kichwa cha kinyoleo shavuni, mpini ukiwa umetoka nje, kisha ushushe taratibu mpaka makali yaguse. Ni kama nyuzi thelathini. Vuta kidogo kidogo, sentimita mbili tatu, bila kukandamiza. Pita mara moja kwa kufuata uelekeo, paka povu tena, pita mara ya pili kwa kukata mshazari. Ishia hapo. Mwenye ndevu za kujisokota aishie hapo kila siku, hata kama kidole bado kinahisi ukwaru kidogo. Na vipele vikizidi au vikitoa usaha, amwone daktari wa ngozi kabla ya kununua kitu kingine.

Kitu cha mwisho cha kununua ni jiwe la shabu. Suuza uso kwa maji baridi, lilowe, kisha lipitishe taratibu pote uliponyoa. Mahali litakapouma ndipo ulipokandamiza au ulipokosea pembe: kesho anza kwa kuwa mwangalifu hapo. Subiri dakika moja, suuza, na uliache jiwe likauke kabisa kabla ya kulirudisha kwenye kijaluba chake, la sivyo litayeyuka.