Smith Center, Chapel Hill: Ukarabatiwe au Ujengwe Mwingine? Tathmini ya Mtazamaji wa Kawaida

Anayeishi katikati ya jimbo la North Carolina, nchini Marekani, ana viwanja mashuhuri vya mpira wa kikapu vya vyuo vikuu vitatu ambavyo anaweza kuvifikia kwa gari bila kumaliza saa moja. Chuo Kikuu cha North Carolina, kilichopo Chapel Hill, kimekuwa kikipima kama uwanja wake, Smith Center, ufanyiwe ukarabati mkubwa au uachwe ujengwe mwingine, na miongoni mwa maeneo yaliyotajwa ni Carolina North, ardhi ya chuo iliyokuwa kiwanja kidogo cha ndege kaskazini mwa kampasi kuu. Kwa kuwa majirani wawili wa chuo hicho, Chuo Kikuu cha Duke kilichopo Durham na NC State, chuo kikuu kilichopo Raleigh, walikwishakutana na swali hilohilo na wakalijibu kwa njia tofauti, nimeona si haki kuutathmini Smith Center peke yake. Nauandikia yule anayejinunulia tiketi, kwa sababu wafadhili wana washauri wao.

Smith Center ulifunguliwa tarehe 18 Januari 1986, wenyeji wakawafunga Duke kwa pointi 95 kwa 92. Una viti 21,750, na ujenzi wake uliogharimu takriban dola milioni 34 ulilipiwa na michango ya watu binafsi. Jina ni la Dean Smith, kocha aliyeiongoza timu hiyo tangu 1961 hadi 1997 na kushinda michezo 879, ambaye alikuwa bado kazini uwanja ulipopewa jina lake na hakulipokea jambo hilo kwa furaha. Ukiingia, unajikuta kwenye ukumbi wa kuzunguka ulio katikati: viti vya chini vinateremka kuelekea mchezoni na vya juu vinapanda kuelekea paani, ambako yananing'inia mabango ya ubingwa na jezi za wachezaji waliotukuka. Mandhari hiyo peke yake inastahili safari. Hakuna nguzo inayokuziba macho, na hata aliye safu za mwisho juu kabisa anaona uwanja mzima, ingawa wachezaji wanakuwa wadogo kama punje na macho yanaishia kuhamia kwenye skrini.

Kasoro ya uwanja huu haimo katika kuonekana kwa mchezo. Imo katika sauti, na chanzo chake ni namna fedha zilivyopatikana. Waliochangia ujenzi walipewa haki ya viti, na viti hivyo ndivyo bora zaidi, vile vya chini vilivyouzunguka mchezo. Umri unavyosonga mwenye kiti huketi zaidi kuliko kusimama, na jambo hilo halihitaji kulaumiwa, kwani kila mtu ana magoti yake. Lakini mwaka 1991 mchezaji wa chuo cha Florida State, Sam Cassell, aliuita umati wa hapo kuwa wa watu wa mvinyo na jibini, yaani wanaoburudika kimya bila kushangilia, na sifa hiyo haijawatoka mpaka leo. Wanafunzi waliwekewa baadaye jukwaa la kusimama nyuma ya goli moja, na kelele zao zinasikika, ila zinatoka upande mmoja tu, kama ngoma inayopigwa nje ya ukumbi wa harusi.

Sasa mtu aendeshe gari kilomita zisizofika 20 hadi Durham aone kinyume chake. Cameron Indoor Stadium wa Duke ulifunguliwa Januari 1940 na una viti 9,314, chini ya nusu ya vile vya Chapel Hill. Husimuliwa kwamba mchoro wake wa kwanza ulichorwa mgongoni mwa kiberiti. Mimi naichukulia kama hadithi tamu tu. Kilicho cha hakika, na chenye uzito zaidi, ni kwamba uwanja huo ulitoka katika ofisi ya msanifu Horace Trumbauer wa Philadelphia, ambako Julian Abele, Mmarekani mweusi, ndiye aliyekuwa msanifu mkuu wa majengo ya kampasi ya Duke, katika zama ambazo chuo hicho hakikuwapokea wanafunzi weusi hata mmoja. Milango haikufunguliwa kwao hadi miaka ya 1960, na ua mkuu wa kampasi haukupewa jina la Abele hadi mwaka 2016. Kila ninapokaa pale mawazo yangu huenda huko kwanza, kabla ya mchezo kuanza.

Duke wangeweza kujenga uwanja wa watu elfu ishirini, kwa kuwa fedha na mashabiki vyote wanavyo. Badala yake wamekuwa wakikarabati kidogo kidogo: mabomba, taa, viyoyozi, na mwaka 2016 wakaongeza jengo jipya la mapokezi mbele ya lile la zamani, ili foleni, vyakula na ukarimu kwa wafadhili vipate nafasi bila kuugusa moyo wa uwanja. Wanafunzi wakabaki pale walipokuwa, ubavuni mwa mstari, karibu kiasi cha kumgusa mgeni anayerusha mpira ndani. Paa ni la chini, kuta ziko karibu, na sauti haina pa kukimbilia. Gharama ya uamuzi huo ni kwamba tiketi za mchezo mkubwa hazipatikani ila kwa bei ya kuogofya, na mtu mnene atabanwa kwenye viti vyembamba kama yumo ndani ya daladala ya jioni. Duke wamekubali kuwafungia nje maelfu ya watu ili walio ndani wapate kitu ambacho hakipatikani kwingine. Mtu anaweza kuukataa uamuzi huo, lakini hawezi kusema haukufikiriwa.

Raleigh ndiko kwenye mafunzo mengi zaidi, maana NC State wamezijaribu njia zote mbili. Uwanja wao wa zamani, Reynolds Coliseum, ulianza kujengwa miaka ya Vita Kuu ya Pili, ukasimama, ukafunguliwa Desemba 1949 ukiwa na nafasi ya watu 12,400 katikati ya kampasi. Mwaka 1999 timu ya wanaume ikahamia uwanja mpya magharibi mwa jiji, kando ya uwanja wa chuo wa futiboli ya Kimarekani, jengo la mamlaka ya umma ambalo inalitumia pamoja na Carolina Hurricanes, timu ya kulipwa ya mpira wa magongo ya barafuni. Jengo hilo limebadilishwa jina mara kadhaa kwa kadiri kampuni zilivyonunua haki ya jina, na tangu 2024 linaitwa Lenovo Center. Kwa starehe, ni zuri: lifti zipo, vyoo ni vingi, njia ni pana, maegesho ni makubwa, na anayetembea kwa kiti cha magurudumu hahitaji kubebwa wala kuomba. Mzee wangu akija kutembea, huko ndiko nitakakompeleka.

Hata hivyo, mwanafunzi hafiki huko kwa miguu, na nyumba inayokaliwa na wapangaji wawili haiwezi kuwa na harufu ya mmoja wao. Chini ya mbao za mpira wa kikapu kuna barafu ya wenzao. Umati ukiwa nusu, kama unavyokuwa katika usiku wa kawaida katikati ya juma, viti vitupu vinameza kelele zote. Na liko jambo ambalo wanaopigia debe majengo mapya hawalitaji kwa sauti kubwa: mwaka 2023, kabla jengo hilo halijatimiza hata miaka 25, ulifikiwa mkataba wa kulikarabati kwa dola milioni 300. Kujenga kipya hakukuondolei ukarabati. Kunauahirisha, kisha unakuja na bei ya zama zake.

Wakati huohuo Reynolds haukubomolewa. Ulibaki kwa timu ya wanawake, na sakafu yake ikapewa jina la Kay Yow, kocha aliyewafundisha tangu 1975 hadi alipofariki kwa saratani ya matiti Januari 2009. Mwaka 2016 ulikamilika ukarabati wa takriban dola milioni 35 ulioleta, pamoja na mengine, viyoyozi ambavyo watu walivisubiri kwa zaidi ya miaka sitini, ukakata viti kutoka 12,400 hadi 5,500, na sehemu ya nafasi iliyopatikana ikawa njia ya maonesho ya historia ya michezo ya chuo. Kupunguza viti kiasi hicho kunasikika kama hasara. Kaa ndani ya Reynolds siku timu ya wanawake, iliyofika nusu fainali za taifa mwaka 2024, inapocheza na mpinzani wa maana, ndipo utajua kwamba watu 5,500 waliojazana wanatetemesha kifua kuliko watu 12,000 waliotawanyika. Hata timu ya wanaume hurudi hapo mara mojamoja kwa mchezo wa kumbukumbu, na sijasikia shabiki aliyelalamikia kurudi huko.

Nikirudi Chapel Hill, nakubali kwamba wanaotaka uwanja mpya wana hoja. Smith Center ulijengwa kabla ya sheria ya mwaka 1990 ya haki za watu wenye ulemavu, na ngazi zake ndefu za viti vya chini zinalisema hilo waziwazi. Hauna vyumba vya kifahari vya kukodisha kwa kampuni, na tangu Julai 2025 vyuo vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwa kikomo cha takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Fedha hizo zitafutwe mahali, na mahali pa haraka zaidi ni kiti cha mtu tajiri. Tena ukarabati mkubwa una adha yake: timu itachezea wapi wakati mafundi wako juu ya majukwaa? Carmichael, uwanja wa awali uliofunguliwa 1965 na kukarabatiwa mwaka 2009, upo kwenye kampasi na unatumiwa na timu ya wanawake, lakini una viti visivyofika 7,000. Maelfu ya wenye tiketi za msimu watakaa nje kwa mwaka mzima au zaidi.

Pamoja na hayo yote, kura yangu ni ya ukarabati, kwa sharti kwamba uwe wa kupunguza. Viti 21,750 ni vingi mno kwa mchezo huu. Vikatwe hata vikibaki elfu kumi na tano, ngazi zirekebishwe kwa kadiri ya sheria, vyumba vya wakodishaji vipelekwe juu, nyuma, ambako kioo na kiyoyozi vina maana kuliko ukaribu, na ubavu mmoja wa chini urudishwe kwa wanafunzi. Hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu linagusa haki walizopewa watu kwa fedha zao, nami sitaki kulifanya jepesi. Lakini uwanja mpya wa Carolina North nao utalazimika kuamua nani akae chini, na ukiamua kama ulivyoamua ule wa 1986, kitakachobadilika ni paa tu. Tena anayedhani kuhama ni kuiacha historia akumbuke kwamba Michael Jordan alipokuwa mwanafunzi, kati ya 1981 na 1984, hakucheza mchezo wowote wa nyumbani ndani ya Smith Center; nyumba yake ilikuwa Carmichael. Historia ilihama mara moja na ikasalimika, kwa kuwa ilihama hatua chache, ndani ya kampasi ileile.

Kama ulivyo sasa, Smith Center naupa nyota tatu kati ya tano, Cameron nne, Lenovo Center tatu, na Reynolds nne na nusu. Anayekwenda Chapel Hill kwa mara ya kwanza asihangaike kutafuta kiti cha chini: achukue safu za mbele za ghorofa ya juu, ubavuni, afike mapema kwa sababu barabara za kampasi ni nyembamba, na ajaribu kuangukia mchezo dhidi ya Duke au NC State, maana usiku huo hata wenye mvinyo na jibini husimama.